"Mama", "Bibi", "Dada": Tunawaitaje Wanawake, na Wao Wanasikiaje?

Utangulizi

Somo la kwanza la Kiswahili kwa mgeni ni salamu, na salamu haikamiliki bila neno la kumwitia mtu unayemsalimu. Mwanafunzi wetu hapa Uganda akishajifunza "hujambo", "shikamoo" na "habari za asubuhi", swali linalofuata ni: hujambo nani? Hapo ndipo vitabu vyetu humpa orodha fupi: bwana, bibi, baba, mama, kaka, dada. Mwalimu huiandika ubaoni kama orodha ya vyombo vya jikoni, kila neno na maana yake, kisha darasa linaendelea na ngeli za nomino.

Makala haya yanakusudia kuihakiki orodha hiyo, hasa upande wake wa wanawake. Hoja yetu ni mbili. Kwanza, maneno tunayowaitia wanawake kila siku yana uzito ambao maneno ya wanaume hayana, na wanawake wenyewe huusikia uzito huo hata wasipousema. Pili, Kiswahili hakikuwa hivi tangu mwanzo. Lugha hii inayo hazina ya maneno ya kumheshimu mwanamke kwa nafsi yake, ila hazina hiyo tumeifungia kabatini. Suala hili si dogo kwetu. Mwezi Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maana yake ni kwamba mamilioni ya wasichana watajifunza kuitwa kwa Kiswahili, na watakaowafundisha ni wahitimu wa idara kama yetu.

Lugha isiyo na jinsia, jamii yenye jinsia

Kila mwanafunzi wa isimu anajua kwamba sarufi ya Kiswahili haitofautishi mume na mke. "Amekuja" ni mwanamume na ni mwanamke. "Yeye" ni wote wawili. Mwalimu, hakimu, daktari, mkurugenzi, mbunge, mwenyekiti na rais ni maneno yasiyouliza mtu ana maumbile gani. Wenzetu wa Rwanda, Burundi na Kongo waliosoma kwa Kifaransa wanalijua jambo hili vizuri zaidi, maana wametoka katika lugha ambayo hata meza ina jinsia.

Sasa, lugha ambayo sarufi yake haiulizi jinsia huacha kazi hiyo kwa msamiati. Na katika msamiati, mahali ambapo jinsia inajitokeza kwa nguvu kuliko pote ni katika maneno ya kuitana. Hapo ndipo jamii inaposema wazi kile ambacho sarufi ilikinyamazia: wewe ni mke au mume, mkubwa au mdogo, mwenye watoto au huna, wa kuheshimiwa au wa kutumwa.

Chukua mfano ulio karibu nasi. Katika mikutano mingi ya vyuo, mwanamume mwenye shahada ya uzamivu huitwa "Daktari" na mwanamke mwenye shahada ileile, aliyeketi kiti cha pili, huitwa "Madamu" au "Mama". Hakuna aliyekusudia kumtukana. Lakini shahada yake imeachwa mlangoni. Neno "daktari" halina jinsia katika kamusi. Jinsia tumeipachika sisi wenyewe tulipoamua nani aitwe hivyo na nani asiitwe.

Uzito wa neno "mama"

Tuanze na neno kubwa kuliko yote. Kumwita mwanamke "mama" ni heshima, na atakayekataa hilo hajaishi Afrika Mashariki. Muuza ndizi sokoni Nakasero huitwa mama na watu wa kila rika, naye huitika kwa uso mkunjufu. Mwanamke wa makamo aliyelea watoto wake na wa ndugu zake akisikia "mama" kutoka kwa kijana asiyemjua, huona jasho lake limetambuliwa. Nchini Kongo, mijini Goma na Bukavu, neno hili ni pana zaidi: kila mwanamke ni mama, na hata mtoto mdogo wa kike huitwa mama kwa mapenzi. Wanafunzi wetu waliotoka huko hushangaa wakisikia kwamba neno hili linaweza kumuudhi mtu.

Hata hivyo, linaweza. Tumelijadili jambo hili darasani zaidi ya mara moja, na majibu ya wanafunzi wa kike huwa hayafanani. Wapo wanaolipenda. Wapo wenye miaka ishirini na miwili wanaosema kwamba kondakta akiwaita "mama" wanajikagua nguo, wakijiuliza kama wamezeeka. Wapo wengine ambao huzungumza mwishoni, kwa sauti ya chini, na hao ndio wa kusikilizwa kwa makini zaidi. Hawa huzungumzia dada au shangazi ambaye ameolewa miaka mingi na hakujaliwa mtoto. Mtu wa aina hiyo akiitwa "mama" na mpita njia, huenda akapita nalo. Lakini katika mtaa ambapo kila mke huitwa kwa jina la mtoto wake, Mama Akello, Mama Juma, yeye hana jina la kuitwa. Jirani akitaka kumwita husita kidogo, na ule msito ndio unaoumiza. Neno ambalo kwa wengine ni taji, kwake limekuwa swali linaloulizwa kila asubuhi.

Lipo pia lalamiko la wale walio na watoto. Mwanamke akishajifungua, jina lake huanza kufifia. Alikuwa na jina alilopewa na wazazi, jina aliloandikishwa shuleni, jina lililo kwenye cheti chake. Baada ya kifungua mimba wa ukoo mpya kuzaliwa, mtaa mzima humwita kwa jina la mtoto, na mumewe pia. Wapo wanaoona fahari katika hilo. Wapo wanaosema kwamba walishtuka siku walipoitwa benki kwa jina lao kamili wakachelewa kuitika. Wanaume nao huitwa Baba Fulani, ni kweli. Lakini mwanamume ana mahali pengine pengi ambapo jina lake linabaki: kazini, kilabuni, kwenye kikao cha ukoo. Mwanamke ambaye maisha yake yote yako nyumbani na sokoni, akipoteza jina lake hapo amelipoteza kote.

Katika siasa, neno hili limepewa kazi mpya. Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kuwa Rais wa Tanzania tarehe 19 Machi 2021, mitaa na vyombo vya habari vilimpokea kwa neno "Mama". Neno lilimsogeza karibu na wananchi kwa kasi ambayo cheo kitupu kisingeweza. Lakini siku chache tu baada ya kuapishwa, katika mazishi ya kitaifa ya mtangulizi wake, yeye mwenyewe aliona ni lazima awaambie waliokuwa na shaka kwamba aliyesimama mbele yao ni Rais, na akalirudia neno hilo, akiongeza kwamba ni Rais mwenye maumbile ya kike. Tukilitazama tamko lile kwa jicho la mwanaisimu, tunaona kiongozi anayechagua mwenyewe mpangilio wa maneno ya kumtambulisha: cheo kwanza, jinsia baadaye. "Mama" hupanga kinyume.

Tuangalie pia tofauti kati ya "wanawake" na "akina mama". Matangazo, hotuba na vibao hupenda "akina mama". Lakini vyombo vya wanawake vilichagua neno lingine. Kenya kuna Maendeleo ya Wanawake tangu mwaka 1952. Tanganyika kulianzishwa Umoja wa Wanawake mwaka 1962. Hatudai kwamba waasisi walikaa wakapima maneno kwa mizani. Tunasema tu kwamba neno "wanawake" linamchukua msichana, mjane, tasa, mtawa na mama wa watoto kumi kwa pamoja, na "akina mama" linawaacha baadhi yao nje ya mlango.

Jozi zisizolingana: bwana na bibi, mzee na nani?

Njia nzuri ya kupima neno la kuitia ni kulitafutia mwenzake wa upande wa pili. Jozi ya kwanza ni "bwana" na "bibi". Katika vitabu vya zamani jozi hii imelingana: bwana ni mwanamume wa kuheshimiwa, bibi ni mwanamke wa kuheshimiwa. Leo jozi imepinda. "Bwana" limebaki na utukufu wake, hata likawa neno la kumwitia Mungu na pia kiungo cha mazungumzo kati ya marafiki. "Bibi" limegawanyika. Tanzania linamaanisha hasa mama mzaa mama au mama mzaa baba. Kenya, ambako nyanya ndiye mzaa mzazi, "bibi yangu" ni mke wangu. Kamusi zetu huorodhesha maana zote kwa utaratibu, lakini mwanamke wa miaka thelathini na tano anayeitwa bibi hana kamusi mkononi. Akiwa Mwanza atadhani ameambiwa mzee. Akiwa Nakuru atadhani ameposwa.

Mfano wa historia unaonyesha kiasi cha mabadiliko hayo. Bibi Titi Mohamed alizaliwa mwaka 1926. Alipoanza kuwahamasisha wanawake wa Dar es Salaam wajiunge na TANU mwaka 1955, alikuwa hajafikisha miaka thelathini. Hakuitwa Bibi kwa sababu ya mvi. Neno lilikuwa cheo cha heshima mbele ya jina lake mwenyewe. Leo mwanafunzi akilisoma jina hilo kwenye kibao cha barabara Dar es Salaam, anamfikiria ajuza mwenye mkongojo. Kwa hiyo tumepoteza kitu, na tumekipoteza kimyakimya.

Jozi ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu ni jozi yenye mguu mmoja. "Mzee" ni neno la heshima kuu. Mwanamume wa miaka arobaini mwenye cheo au fedha huitwa mzee na hufurahi. Mzee ni mwenye busara, mwenye uamuzi, mwenye nyumba. Je, mwanamke mwenye busara, uamuzi na nyumba anaitwaje? Kisarufi "mzee" ni wa wote, lakini jaribu kumwita mkurugenzi wa kike "mzee" uone. Maneno yaliyobaki kwa mwanamke aliyekula chumvi nyingi ni ajuza, kikongwe na bibi kizee, na yote yanazungumzia mwili uliochoka. Umri kwa mwanamume hupanda ngazi, kwa mwanamke hushuka. Ndiyo maana wanawake wengi wa miaka hamsini hupendelea kuitwa "dada" kuliko neno lolote la umri: si kwamba wanaukana umri wao, ila wanaukataa mshuko huo.

Neno "mwanamke" lenyewe lina tabia hiyohiyo. Kama nomino ya kueleza, halina kasoro. Kama neno la kuitia, ni kofi: "wewe mwanamke!" Lakini "mwanamume!" likitamkwa peke yake kwa sauti ya juu ni sifa ya ushujaa. Na mwanamume anayetaka kumtukana mwenzake humwita mwanamke. Darasa zima hucheka tukifika hapo. Baada ya kicheko huwa pana ukimya, na ukimya huo una mafunzo kuliko ubao wote.

Dada, binti, msichana, shangazi

"Dada" ndilo neno lililo salama kuliko mengi. Halidai watoto wala ndoa, na humfanya mgeni kuwa ndugu. Lakini nalo lina kivuli. Katika nyumba nyingi za mijini Tanzania, "dada" ni mfanyakazi wa ndani. Mtoto akisema "dada amepika", hamaanishi ndugu yake. Neno la undugu limetumika kuipamba kazi yenye mshahara mdogo na saa nyingi, na mwenye kuitwa anajua kwamba undugu huo hauna urithi. "Msichana wa kazi" ni baya zaidi, kwa kuwa huyo msichana anaweza kuwa na miaka arobaini na watoto watatu kijijini. Tunakumbuka jinsi wakoloni walivyowaita wanaume wazima "boi", na tulivyochukizwa. Tangu Shirika la Kazi Duniani lipitishe Mkataba namba 189 mwaka 2011 kuhusu wafanyakazi wa majumbani, istilahi "mfanyakazi wa nyumbani" imeenea katika maandishi rasmi. Ndani ya nyumba zenyewe haijaingia.

Mfano wa kutia moyo unatoka kwa wauza chakula. Kwa muda mrefu Tanzania waliitwa "mama ntilie", yaani kwa amri ya mteja anayetaka sahani ijazwe: nitilie. Baadaye likaja "mama lishe", neno linalotaja kile anachowapa watu badala ya kile anachoamrishwa. Majina yote mawili bado yanasikika, lakini kuja kwa la pili kunathibitisha kwamba neno la kuitia si mlima usiohamishika. Watu wakiona halifai, huunda jingine.

"Binti" lina historia ya kufurahisha. Katika majina ya pwani ni kiungo cha nasaba, sawasawa na "bin" kwa mwanamume: binti Mshamu, binti Saad. Hapo binti ni mtu mwenye ukoo. Likitumiwa kama neno la kuitia ofisini, "binti, niletee faili lile", ukoo wote umeondoka na umebaki udogo. Kuhusu "shangazi", hapa Buganda ssenga ni dada wa baba na ni mshauri mwenye mamlaka juu ya ndoa na malezi ya wasichana. Muuza duka anayeita kila mteja "anti" halikusudii hilo. Na katika mitaa ya Tanzania miaka ya karibuni, "mshangazi" limekuwa neno la kumdhihaki mwanamke wa makamo anayependana na vijana. Wanaume wazee wanaowafuata wasichana hawajapata neno la ukoo la kuwadhihaki kwa kiasi hicho.

Fasihi inasemaje?

Wapo wasomaji watakaosema kwamba malalamiko haya yameagizwa kutoka nje, kwamba wanawake wetu hawakuwa na tatizo hili hadi walipofundishwa kulalamika. Jibu lisitafutwe mbali. Litafutwe katika maandishi ya Waswahili wenyewe.

Utenzi wa Mwana Kupona uliandikwa mwaka 1858 na mama akimuusia binti yake. Utenzi huu umehakikiwa sana kwa yale unayosema juu ya utii wa mke, na hatutarudia mjadala huo. Tunataka tu kulitazama jina la mtunzi. Mumewe aliitwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Yeye aliitwa Mwana Kupona. Bintiye ni Mwana Hashima. Pate, katika karne ya 18, ilitawaliwa na Mwana Khadija. Masimulizi ya Mombasa yanamtaja Mwana Mkisi. Katika Kiswahili cha visiwa vya kaskazini, "Mwana" lilikuwa cheo cha mwanamke mwungwana, lililolingana na "Bwana", na lilikaa mbele ya jina lake mwenyewe, si jina la mtoto wala la mume. Leo tunafundisha kwamba "mwana" ni mtoto, basi.

Mfano wa pili ni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Alizaliwa Fumba akapewa jina la Mtumwa. Jina hilo lilikuwa likitangaza hali ya unyonge kila alipoitwa kula. Alipopata umaarufu mjini akawa Siti, neno lenye asili ya Kiarabu linalomaanisha bibi wa heshima, na kwa jina hilo alirekodi santuri Bombay mwaka 1928. Mtu yuleyule, sauti ileile. Kilichobadilika ni jinsi watu walivyotakiwa kufungua vinywa vyao kumwita. Atakayesema kwamba jina la kuitia si kitu, na aueleze umbali ulioko kati ya Mtumwa na Siti.

Mfano wa tatu ni tamthilia ya Penina Muhando, Nguzo Mama, iliyochapishwa mwaka 1982. Wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo, na mwandishi amewapa majina ya Bi Moja, Bi Pili, hadi Bi Nane. Wahakiki wengi wameliona hilo kama ishara ya kwamba wanawake hao wanawakilisha makundi mbalimbali ya jamii, na hilo ni sahihi. Sisi tunaona jambo la ziada. Cheo cha heshima, Bi, kimebaki. Jina limetolewa, mahali pake pakawekwa hesabu. Ndivyo jamii ilivyomfanyia mwanamke: imemhifadhia heshima ya mdomoni na kumnyima nafsi. Anaheshimiwa kama mmoja wa wengi. Tamthilia haihitaji kulisema hilo kwa hotuba, kwa sababu kila mhusika akimwita mwenzake, mtazamaji analisikia.

Tulicho nacho nyumbani

Hapa Uganda tuna ushahidi wetu. Mganda humwita mwanamke yeyote mzima "nnyabo", na mwanamume "ssebo", na jozi hiyo imelingana vizuri kuliko bwana na bibi. Watooro na Wanyoro, pamoja na jamii chache za jirani, wana empaako: majina kumi na mawili, kama vile Akiiki, Amooti, Adyeri, Abwoli, Atwooki na Ateenyi, ambayo mtoto hupewa moja pamoja na majina yake mengine. Mtu huitwa kwa empaako anaposalimiwa, anapobembelezwa na anapoheshimiwa. Mengi kati ya majina hayo hupewa wa kike na wa kiume bila ubaguzi. UNESCO iliiorodhesha mila hiyo mwaka 2013 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa haraka.

Fikiria sasa msichana wa Fort Portal aliyeitwa Adyeri tangu uchanga. Hajawahi kuulizwa kama ana mtoto ndipo aheshimiwe. Anaingia darasa la Kiswahili, na tunamwambia kwamba heshima katika lugha hii hupitia tumbo la uzazi au chumba cha mume. Tunashangaa kwa nini haipendi? Kumbuka pia kwamba Kiswahili hapa kina kovu. Wazazi na babu zetu walikisikia kwa wingi kutoka kwa askari, na Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 hakukiondolea harufu ya kambi. Wanawake wa kizazi kile wanakumbuka Kiswahili kama lugha ya amri kwenye vizuizi vya barabara. Lugha yenye kovu la namna hiyo haiwezi kumudu kumwingilia mwanamke kwa mguu mbaya tangu somo la kwanza.

Tufanye nini darasani?

Hatupendekezi kulifuta neno "mama". Atakayejaribu atachekwa, na atastahili. Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, tufundishe maneno ya kuitana pamoja na mazingira yake: nani anamwita nani, wapi, mbele ya nani. Orodha ya ubaoni isiyo na mazingira ni nusu ya somo. Mwanafunzi ajue kwamba "bibi" la Tanga silo la Nakuru, na "mama" la Bukavu silo la Kampala.

Pili, tuirudishie "Bi" heshima yake. Bi pamoja na jina la mtu mwenyewe halitaji ndoa, halitaji watoto, na linakaa sawa na Bwana. Vyombo vya habari vimelihifadhi. Darasani tumeliachia wazee wa hadithi. Na pale mtu alipo na cheo cha kazi, cheo kitangulie: Mwalimu, Daktari, Mheshimiwa, kwa wote.

Tatu, tumfundishe mwanafunzi kuuliza. "Samahani, nikuite nani?" ni sentensi fupi, ya adabu, na haimo katika vitabu vingi vya kiada. Mgeni anayeuliza hajapungukiwa na lugha.

Nne, watungaji wa mitihani na mazungumzo ya mfano wapime kila jozi kwa kugeuza. Kama katika mazungumzo ya ofisini mwanamume ni "Bwana Okello" na mwanamke ni "binti", geuza. Ikiwa "Bi Okello" na "kijana" inakuchekesha, basi mazungumzo yale yalikuwa yamepinda tangu mwanzo.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba maneno ya kuwaitia wanawake si mapambo ya salamu. Ni mahali ambapo lugha isiyo na jinsia huingiza jinsia kwa mlango wa nyuma, na mwenye kuitwa ndiye anayejua mlango huo unabana wapi. Tumeona pia kwamba dawa haihitaji kuagizwa. Waswahili waliwahi kusema Mwana, Siti na Bi. Waganda wanasema nnyabo. Watooro wana empaako. Walimu wetu wa kesho wanayo malighafi ya kutosha. Jina la mtu ni mlango wa nyumba yake, na mgeni mwenye adabu hupiga hodi kwanza.